Hataza mbili zilizoamua umbo la rivolva: Colt 1836, Rollin White 1855, na kesi zilizopita katikati

#1 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mjadala wa silaha za zamani humu ndani ukifika kwenye rivolva, mtu ataandika "ilivumbuliwa na Samuel Colt mwaka 1836" na mada inafungwa. Naona tunapunjika sana. Silinda inayozunguka yenye chemba kadhaa ilikuwepo zaidi ya miaka 200 kabla Colt hajazaliwa. Kule Norway, kwenye makumbusho ya Maihaugen mjini Lillehammer, ipo rivolva ya fundi wa Nuremberg aitwaye Hans Stopler, ya mwaka 1597. London, fundi John Dafte alitengeneza karibu na mwaka 1680 silaha ambayo silinda yake inazunguka yenyewe ukivuta nyundo nyuma. Hicho ndicho kitu ambacho wengi wetu tunadhani Colt alikuwa wa kwanza kukiwaza.

Kama wazo lilikuwa la kale hivyo, kwa nini jina lililobaki ni la Colt? Jibu langu ni hataza (patent), ile haki ya kisheria inayompa mvumbuzi umiliki wa ubunifu wake kwa muda maalumu. Kati ya 1836 na 1869, hataza mbili za Marekani ziliamua nani atengeneze rivolva, aitengeneze vipi, na hata risasi iingizwe kwa mbele au kwa nyuma. Ukizishika tarehe zake kichwani, unaweza kuitazama rivolva yoyote ya zama zile na kuelewa kwa nini imeumbwa vile.

Tuanze na tatizo la ufundi. Gumegume huwaka kwa jiwe kugonga chuma. Cheche zinaangukia kisahani chenye baruti laini, moto unapita kitundu mpaka kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani. Kwa mtutu mmoja mambo yanakwenda. Sasa weka chemba tano au sita, kila moja inadai baruti yake ya kuwashia. Silinda ikigeuka, baruti inamwagika. Upepo unaipeperusha, mvua inailowesha, na cheche zikiruka pembeni zinaweza kuwasha chemba ya jirani ambayo haijaelekea mtutu. Mtu aliyeishika ndiye anayeumia.

Aliyepambana na shida hii kwa akili nyingi kuliko wote ni Elisha Collier wa Boston. Mwenzake Artemas Wheeler alipata hataza ya Marekani Juni 1818, naye Collier akapata ya Uingereza Novemba mwaka huohuo na kuhamishia kazi London. Silaha zake zilikuwa na kisanduku kidogo kilichodondosha baruti ya kuwashia kila mara, na silinda iliyosukumwa mbele ikakumbatia nyuma ya mtutu ili moto usivuje. Mwanzoni alitia springi ya kuzungusha silinda, baadaye akaiondoa na mtumiaji akawa anazungusha kwa mkono. Ni kazi ya kupendeza kweli kweli, lakini ilitengenezwa moja moja kwa mikono ya mafundi wa ngazi ya juu, na bei yake ilikuwa ya wenye nazo.

Aliyefungua njia hasa alikuwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth, wa parokia ya Belhelvie huko Aberdeenshire, Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege. Ndege walikuwa wakiona moshi wa kisahani na kuruka kabla risasi haijatoka. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali inayolipuka, fulminati. Aliilinda hataza hiyo kwa nguvu dhidi ya mafundi wenzake mpaka ilipokwisha mwaka 1821. Angalieni kinachofuata: hataza ikiisha, kazi inachanua. Miaka hiyohiyo fataki zikaenea, kile kikombe kidogo cha shaba chenye fulminati ndani, na Joshua Shaw, mchoraji aliyetoka Uingereza akahamia Philadelphia, akapata hataza ya Marekani ya fataki mwaka 1822.

Fataki haimwagiki. Unaivalisha nyuma ya chemba na inakaa. Bila fataki rivolva ingebaki kitu cha makabati ya matajiri.

Naendelea na Colt hapo chini, nipeni nafasi.

#2 · chuma_cha_pua

Mkuu, shusha mambo, tunakufuata. Ila umemruka James Puckle. Yule ndiye nilikuwa najua kama wa kwanza kupata hataza ya bunduki ya silinda.

#3 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Uko sahihi kabisa ndugu, na ni vizuri umemtaja kabla sijafika mbali.

James Puckle alikuwa mwanasheria na mwandishi wa London. Hataza yake ni namba 418, ya tarehe 15 Mei 1718. Silaha yenyewe ilisimama juu ya miguu mitatu, ina mtutu mmoja na silinda ya chemba kadhaa nyuma yake. Ukimaliza kupiga unalegeza mpini wa nyuma, unazungusha silinda kwa mkono, unakaza tena, unapiga. Ilikusudiwa kuwekwa melini kuzuia maadui wasipande. Hivyo kwa ukubwa wake haiko kwenye ukoo wa bastola, lakini kwa wazo imo.

Mchoro wa hataza ile una silinda ya aina mbili: moja ya risasi za duara kwa kupigana na Wakristo, nyingine ya risasi za pembe nne kwa kupigana na Waturuki. Imeandikwa waziwazi kwenye hati rasmi ya serikali. Nimeitaja kwa sababu inatuonyesha hataza ya wakati ule ilikuwa nini: fadhila kutoka kwa mfalme, yenye siasa na dini ndani yake, na hakuna mtu ofisini aliyechunguza kama kitu kinafanya kazi au ni kipya.

Na kilifanya kazi. Mwaka 1722 ilionyeshwa hadharani London, ikapiga mara 63 kwa dakika 7 huku mvua ikinyesha. Kwa zama za gumegume hiyo ni kasi ya ajabu. Lakini serikali haikuinunua. Kampuni aliyoianzisha kwa kuuza hisa iliishia kwenye dhihaka za magazeti, yaliyosema waliojeruhiwa na bunduki ile ni wenye hisa peke yao.

Puckle alikuwa na hataza bila fataki. Colt alikuja na vyote viwili.

#4 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Sasa Colt mwenyewe.

Alizaliwa Hartford, Connecticut, Julai 1814. Mwaka 1830 akiwa kijana mdogo alipanda meli Corvo kwenda Calcutta, na masimulizi yanasema humo ndimo alipochonga mfano wa mbao wa silinda yake. Aliporudi hakuwa na pesa. Akazunguka miji ya Marekani akijiita Dokta Coult, akiwavutisha watazamaji hewa ya nitrasi oksaidi ili wacheke, akikusanya viingilio. Pesa hizo ziliwalipa mafundi waliomtengenezea mifano ya chuma: Anson Chase wa Hartford, kisha John Pearson wa Baltimore.

Hapa kwa Pearson naomba tutulie kidogo. Vyuma vingi vya mwanzo vilivyofanya kazi vilipita mikononi mwake. Alikaa karakana akitatua matatizo ambayo mchoro haukuyaona, huku akilalamika kwamba malipo yanachelewa na hayatoshi. Jina lake halimo kwenye hataza. Sheria ilimtambua mwenye wazo, na fundi aliyelikwaruza kwa tupa mpaka likazunguka akabaki kibarua. Mimi nimekaa karakana maisha yangu yote, na jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Colt alianza Uingereza na Ufaransa mwaka 1835, kisha akarudi nyumbani na kupata hataza ya Marekani tarehe 25 Februari 1836. Alidai nini? Hakudai silinda inayozunguka. Alijua hawezi. Alidai namna: kuvuta nyundo kunazungusha silinda kwa gurudumu la meno na kuifunga imara chemba ikinyooka na mtutu, fataki kukaa nyuma ya silinda, na vikuta kati ya fataki moja na nyingine ili moto usiruke. Ukisoma madai yale unaona kila moja linajibu shida iliyowaumiza waliotangulia.

Jambo la pembeni: hataza ile ilitoka miezi michache kabla Marekani haijabadili sheria, Julai 1836, na kuanza kuhesabu namba upya kutoka 1. Desemba mwaka huo ofisi ya hataza iliungua na maelfu ya hati za zamani zikateketea. Zilizorejeshwa zilipewa alama ya X. Ndiyo maana hataza maarufu kuliko zote za silaha mtaikuta ikiandikwa 9430X.

Kiwanda kilifunguliwa Paterson, New Jersey, mwaka huohuo 1836. Rivolva za Paterson zilikuwa za risasi tano, kifyatulio kimejificha ndani na kinachomoza ukivuta nyundo. Jeshi lilizijaribu 1837 likasema ni tata mno kwa askari wa kawaida. Kufikia 1842 kampuni imekufa.

Hataza ikabaki hai bila kiwanda. Nadhani watu wengi hawajaliona hili: kwa miaka kadhaa Colt hakutengeneza rivolva hata moja, lakini hakuna mwingine Marekani aliyeweza kutengeneza ya namna yake kihalali.

Kilichomwokoa ni Texas. Juni 1844, kapteni Jack Hays na askari wapatao 15 wa Texas Rangers walikutana na kundi kubwa zaidi la Wakomanche, wenyeji wa asili wa nyika zile, pale Walker's Creek. Mpaka siku hiyo mkabala wa Mkomanche ulikuwa rahisi: mzungu akishapiga risasi yake moja, anakuwa mikono mitupu kwa muda wa kushindilia upya. Siku ile risasi hazikuisha. Kwa Wakomanche, waliokuwa wakipigana kwenye ardhi waliyoimiliki, hiyo ilikuwa habari mbaya iliyobadilisha vita vya nyika nzima.

Mmoja wa askari wale, Samuel Walker, baadaye aliandikiana na Colt, na Januari 1847 ikaja oda ya serikali ya rivolva 1,000 kwa vita vya Mexico. Walker alitaka silaha kubwa: risasi sita, wenzo wa kushindilia chini ya mtutu, kingo ya kifyatulio. Ilipotoka ilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi. Colt hakuwa na kiwanda, akaitengenezea kwa Eli Whitney mdogo huko Connecticut. Walker aliuawa Mexico, Oktoba 1847.

#5 · wakili_wa_pwani

Mkuu, mada safi. Mimi nafanya kazi za miliki bunifu, naomba niongeze upande wa sheria kidogo.

Leo tumezoea miaka 20 kutoka tarehe ya kupeleka maombi, baada ya hapo hakuna kubembelezana. Marekani ya Colt ilikuwa miaka 14 kutoka kutolewa, na sheria ya 1836 ikaruhusu nyongeza ya miaka 7 kwa mvumbuzi aliyeonyesha kwamba hakupata faida ya haki. Juu ya hapo, mtu angeweza kwenda Bunge kuomba sheria maalumu ya jina lake mwenyewe. Mwaka 1861 wakaweka miaka 17 bila nyongeza, lakini hataza za zamani zilibaki na masharti yao.

Kwa hiyo mfumo ulimzawadia aliyechelewa kufaulu. Colt alifilisika Paterson, na kufilisika huko kukawa hoja yake ya kuongezewa muda.

#6 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Wakili, umenirahisishia. Hataza ya Colt ilikuwa iishe Februari 1850. Aliomba nyongeza akapewa miaka 7, mpaka Februari 1857. Miaka hiyo saba ndiyo iliyomtajirisha: dhahabu ya California, rivolva yake ya Navy ya 1851, kila mtu anaelekea magharibi na kila mtu anataka rivolva.

Kesi kubwa ilisikilizwa Boston mwaka 1851, mbele ya Jaji Levi Woodbury. Mshtakiwa alikuwa Massachusetts Arms Company, waliotengeneza rivolva iliyotokana na kazi ya Edwin Wesson. Shikeni jina la Wesson, linarudi. Utetezi ulikuwa na miguu miwili: kwamba mtambo wao ni tofauti, kwani silinda yao inazungushwa kwa meno yaliyopinda pembe, na kwamba silinda za kuzunguka ni za kale. Wakili wa Colt, Edward Dickerson, alibaki palepale kwenye madai: hatusemi tumevumbua silinda, tunasema tumevumbua kuifungamanisha na nyundo. Baraza la wazee wa mahakama likampa Colt ushindi. Washindani wengine waliposikia hukumu wakarudi kwenye silinda za kuzungusha kwa mkono au bastola za mitutu mingi iliyofungwa pamoja.

Linganisheni na London mwaka huohuo. Colt alikwenda na silaha zake kwenye Maonyesho Makuu ya 1851, lakini hataza yake ya Uingereza ilikuwa ya miaka 14 bila nyongeza na ilishakwisha. Pale alimkuta Robert Adams, ambaye Februari 1851 alipata hataza ya rivolva yenye fremu ya kipande kimoja. Ya Colt ilikuwa wazi juu ya silinda. Ya Adams ilizungukwa na chuma pande zote. Ukivuta kifyatulio cha Adams, nyundo inarudi, silinda inageuka na risasi inatoka kwa mkupuo mmoja. Katikati ya miaka ya 1850 luteni Frederick Beaumont akapata hataza ya kuongeza njia ya pili, ya kuvuta nyundo kwa dole gumba ukitaka kulenga kwa utulivu. Jeshi la Uingereza likaichukua Beaumont-Adams. Kiwanda alichokuwa Colt amekifungua Pimlico, kando ya Thames, mwaka 1853, kikafungwa miaka michache tu baadaye.

Nilipopanga tarehe hizi sambamba nilipata picha kamili. Palipokuwa na hataza, Colt alitawala na rivolva yake haikubadilika sana. Ng'ambo ya bahari, hataza ikiwa imekufa, mashindano yakatoa silaha bora ndani ya miaka mitano.

Colt alijua tarehe ya 1857 inakuja. Akaenda Bunge kuomba nyongeza nyingine. Mwaka 1854 kamati ya Bunge ilichunguza na kukuta watu wake wanagawa bastola kwa wabunge, na moja ikafika hadi kwa mtoto wa mbunge. Nyongeza haikupita.

#7 · Nalubaale

Ndugu zangu, naandika kutoka Jinja. Kwetu huku rivolva iliingia kwenye historia Februari 1862. Msafiri Mwingereza John Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, zawadi alizompa zilikuwa pamoja na bunduki ya Whitworth, rivolva moja na karabini tatu. Siku chache baadaye Kabaka akamtaka aue ng'ombe wanne kwa haraka awezavyo. Speke mwenyewe ameandika kwamba aliazima ile rivolva aliyoitoa zawadi, akawapiga wote wanne kwa mfululizo, na wa mwisho aliyejeruhiwa alipomgeukia akamalizwa na risasi ya tano.

Ninachouliza mkuu: hii ingekuwa tayari ya risasi za shaba au bado ya kushindilia?

#8 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Asante sana kaka, kumbukumbu hii ina thamani kubwa hapa.

Rivolva za kawaida za Waingereza wa safari wakati ule, Adams na Tranter, zilikuwa za risasi tano na za kushindilia: baruti na risasi kwa mbele ya kila chemba, fataki kwa nyuma. Baada ya ya tano unasimama dakika kadhaa kuijaza upya. Kabaka aliyekuwa akitazama aliona nusu ya silaha ile. Nusu nyingine ni ule muda wa kujaza, ambao waliotumia rivolva hizi vitani waliujua vizuri, na ndiyo maana wengi walibeba mbili.

Kule Ufaransa kujaza kwa nyuma kulishaanza. Casimir Lefaucheux alikuwa na hataza ya risasi yenye kipini ubavuni tangu miaka ya 1830, na mwanawe Eugène akatoa rivolva ya risasi hizo mwaka 1854. Jeshi la maji la Ufaransa likaichukua mwaka 1858. Marekani ilikuwa na mafundi, mashine na soko, lakini kujaza kwa nyuma kulishikwa na mtu mmoja.

Rollin White alizaliwa Vermont 1817, na aliwahi kufanya kazi kiwandani kwa Colt. Tarehe 3 Aprili 1855 alipata hataza namba 12,648. Rivolva aliyoichora ilikuwa na mambo mengi yasiyofaa, na kwa umbo lile haikuuzwa kamwe. Lakini ndani yake kulikuwa na dai moja: chemba za silinda zitobolewe mpaka nyuma. Silinda ya zamani ilikuwa imezibwa nyuma. Iliyotobolewa inapokea risasi nzima ya shaba, baruti na fataki vyote ndani ya ganda moja, unatumbukiza tu. Sentensi ile moja ikawa mlango ambao kila mtengenezaji wa Marekani alilazimika kuupita.

Colt hakuipata. Waliouona mlango ni Horace Smith na Daniel Wesson, mdogo wake Edwin niliyemtaja. Tarehe 17 Novemba 1856 waliandikiana mkataba na White: mrabaha wa senti 25 kwa kila rivolva, na gharama za kuilinda hataza mahakamani zitakuwa za White mwenyewe. Sharti hilo la mwisho lisomeni mara mbili. Kisha wakasubiri hataza ya Colt ife, na mwaka uleule wa 1857 wakatoa Model 1, bastola ndogo ya kaliba .22, risasi saba.

#9 · chuma_cha_pua

Kwa hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, askari walipigana na rivolva za kushindilia ilhali za risasi za shaba zilishajulikana?

Hapo mimi nakataa kumwita White mvumbuzi. Mtu katoboa shimo kwenye karatasi, hajatengeneza silaha hata moja inayofaa, halafu anazuia nchi nzima miaka 14.

#10 · wakili_wa_pwani

Chuma, polepole. Hataza hailipi kazi ya tupa, inalipa ufumbuzi uliowekwa hadharani. White aliandika kitu ambacho Wamarekani wenzake hawakuwa wameandika. Kama kilikuwa dhahiri hivyo, Colt aliyekuwa na kiwanda kikubwa kuliko wote alishindwa nini kukiandika yeye?

#11 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Wote wawili mmegusa palepale mahakama ilipokwama. White alishtaki watengenezaji wengi. Kesi dhidi ya Ethan Allen aliishinda mwaka 1863. Ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waligawanyika nne kwa nne. Kura zikilingana hukumu ya chini inasimama, hivyo hataza ikaokoka bila Mahakama ya Juu kusema kama ni halali.

Upande wangu? Nampa wakili haki kwenye sheria, nampa Chuma haki kwenye matokeo. Na ndiyo, Chuma, bastola kuu za jeshi la Kaskazini zilibaki Colt na Remington za kushindilia. Smith & Wesson walitengeneza ndogo za .22 na .32 ambazo askari walijinunulia wenyewe, na oda zilikuwa nyingi kuliko uwezo wao.

Wengine wakahangaika kuukwepa mlango, na humo ndimo kuna ufundi wa kushangaza. Daniel Moore wa Brooklyn, baada ya kushindwa kesi, alitoa rivolva ya risasi za shaba zinazoingia kwa mbele. Nyuma ya kila chemba pana kitundu kidogo tu, na risasi ina chuchu ndogo inayochungulia hapo ili nyundo iigonge. Kampuni ya Plant ilitumia risasi yenye kitako kilichobonyea kama kikombe, nayo ya kuingiza mbele. Slocum alikata silinda ubavuni na kuweka vifuniko vya kuteleza, kimoja kwa kila chemba. Hata Colt yenyewe, mwenyewe akiwa ameshafariki Januari 1862, ilitumia hataza ya Alexander Thuer ya 1868: risasi iliyosinyaa kuelekea nyuma, unaisukumiza kutoka mbele. Zote zinafanya kazi. Hakuna hata moja ambayo fundi angeichagua kama angekuwa huru. Ukiishika mkononi unaona umbo lililochorwa na mwanasheria.

Remington walichukua njia fupi: mwaka 1868 walilipa mrabaha na kubadilisha bastola zao za jeshi kuwa za risasi za shaba.

Hataza iliisha tarehe 3 Aprili 1869. White akaomba aongezewe, akakataliwa, akaenda Bunge, na Bunge likampitishia. Muswada ukafika kwa Rais Ulysses Grant, na tarehe 11 Januari 1870 akaurudisha bila kuutia saini. Aliambatanisha maelezo ya mkuu wa idara ya silaha, Jenerali Dyer, kwamba serikali ilipata usumbufu wa kutosha wakati wa vita kwa sababu watengenezaji wengine walizuiwa kuitumia hataza ile. Aliyeandika veto hiyo ndiye aliyeongoza jeshi lililozikosa silaha zile.

White alikuwa amepokea takriban dola 71,000 za mrabaha kwa miaka yote, na sehemu kubwa ilikwenda kwa mawakili, kwa lile sharti la 1856. Alifariki 1892.

#12 · bint_Mkwakwani

Kaka mtambo, ahsante kwa darasa. Baba yangu mkubwa alikuwa akipenda picha za bastola za zamani na ninazo kadhaa alizokata magazetini. Moja ni Colt ya 1873, na ubavuni imechongwa tarehe tatu. Nilidhani ni tarehe za kutengenezwa. Ni za hataza hizi?

#13 · mtambo_wa_zamani (mleta uzi)

Dada yangu, umeshika kitu chenyewe. Ni za hataza, ila za kizazi kilichofuata. Kama picha ni safi utasoma 19 Septemba 1871, 2 Julai 1872 na 19 Januari 1875. Ndiyo maana zikiwa tatu, silaha yenyewe ni ya 1875 au baada ya hapo, hata kama modeli inaitwa ya 1873. Zilizotoka mwanzoni zina mbili tu.

Nazo zinahusu vipande, kwa kuwa kufikia hapo hakuna aliyeweza tena kushika kitu kizima. Kuzungusha silinda kwa nyundo kulikuwa huru tangu 1857, kutoboa chemba mpaka nyuma tangu 1869. Colt ilimpa kazi William Mason, akatengeneza kifimbo cha kusukuma nje maganda matupu pamoja na marekebisho mengine, na hizo ndizo hataza zilizochongwa kwenye fremu. Itazame pia sehemu ya juu ya silinda kwenye picha yako: utaona chuma kimepita kutoka nyuma mpaka kwenye mtutu. Ni fremu iliyofungwa, ya namna ile aliyoipatia hataza Adams kule London mwaka 1851. Colt waliipa rivolva ya jeshi baada ya miaka 22.

Kama una picha nyingine zenye maandishi ubavuni ziweke hapa, tuzisome pamoja.